MAISHA YA WOLFGANG MOZART, MTOTO WA KINANDA ALIYEPONA NDUI



Jina la Mozart si geni kwetu. Wengine wanajua tu kwamba alikuwa Mzungu wa zamani aliyetunga muziki. Wengine wamesikia kwamba alianza kupiga kinanda akiwa mtoto mdogo sana, na hapo wanamaliza habari kwa kusema kwamba Mungu alimpa kipaji, basi. Ni kweli, Mungu alimpa. Lakini sisi tulipotafuta habari zake tumeona upande mwingine ambao watu hawausemi mara nyingi. Yule mtoto alikuwa mgonjwa, tena mara nyingi, tena mara mbili alifika karibu na kaburi. Leo alisimama mbele ya mfalme, kesho alilala na homa katika nyumba ya wageni, mbali na kwao. Ni upande huo tunataka kuwaeleza.

1. NYUMBA ALIMOZALIWA

Wolfgang Amadeus Mozart alizaliwa tarehe 27 mwezi wa kwanza 1756 katika muji wa Salzburg. Leo muji huo uko katika inchi ya Austria, lakini wakati ule ulikuwa na utawala wake wenyewe, na mtawala alikuwa askofu mkuu wa Kikatoliki. Askofu huyo alikuwa na kundi la wapiga muziki waliolipwa mshahara. Baba ya Wolfgang, Bwana Leopold Mozart, alikuwa mmoja wao. Alipiga violoni, na katika mwaka uleule wa 1756 alitoa kitabu cha kufundisha violoni ambacho kilisomwa katika inchi nyingi. Alikuwa mtu wa akili, mwenye kuandika kila kitu: barua, hesabu, majina ya watu aliokutana nao. Ni kwa sababu ya barua zake tunajua habari nyingi za mtoto wake.

Mama aliitwa Anna Maria. Alizaa watoto 7. Watano walikufa wangali wadogo sana. Wakabaki wawili tu: msichana Maria Anna, ambaye nyumbani walimwita Nannerl, aliyezaliwa 1751, na Wolfgang, kitinda mimba. Tushike hesabu hii, maana itatusaidia kufahamu mambo ya mbele. Wazazi waliokwisha kuzika watoto watano, wakisikia mtoto anakohoa usiku, hawawezi kuendelea kulala.

Nannerl alipokuwa na miaka 7 baba alianza kumfundisha kinanda. Wolfgang alikuwa na miaka 3. Hakuna aliyemwita, lakini alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kinanda, akatafuta sauti mbili zinazopatana, na akizipata alifurahi sana. Baba aliandika katika daftari ya muziki siku ambayo mtoto alijifunza wimbo huu au ule. Wimbo mmoja aliujua kwa nusu saa tu, usiku, siku moja mbele ya kutimiza miaka 5. Kiisha alianza kutunga nyimbo ndogo zake mwenyewe, na baba aliziandika.

Rafiki mmoja wa nyumba yao, Bwana Schachtner, alikuwa mpiga tarumbeta. Nyuma ya miaka mingi alieleza kwamba mtoto huyu aliogopa tarumbeta kabisa. Siku moja baba alitaka kumtoa woga, akaomba tarumbeta ipigwe mbele yake. Mtoto akageuka rangi, akaanza kuanguka chini. Basi masikio yale yaliyosikia kila kitu, yalisikia pia maumivu kupita ya wengine.

2. MBELE YA MALKIA, NA HOMA YA KWANZA

Baba aliona kwamba watoto wake wawili ni ajabu. Aliamini kwamba Mungu amefanya muujiza katika Salzburg, na kwamba ni kazi yake yeye kuuonyesha kwa ulimwengu. Tena, tuseme kweli, aliona pia kwamba muujiza huo unaweza kuleta mali, maana mshahara wake haukuwa mkubwa.

Katika mwezi wa kwanza 1762 aliwapeleka Munich. Katika mwezi wa tisa wa mwaka uleule jamaa nzima walishika njia ya Vienna, muji wa malkia Maria Theresa. Tarehe 13 mwezi wa kumi waliitwa katika nyumba ya malkia inayoitwa Schönbrunn. Wolfgang alikuwa na miaka 6. Alipiga kinanda, akaruka juu ya magoti ya malkia, akamkumbatia shingoni. Watu walicheka na kushangaa. Walimjaribu kwa namna nyingi: walifunika kinanda kwa kitambaa asione mahali pa kuweka vidole, na bado alipiga, walimwambia atumie kidole kimoja tu, na bado alipiga. Malkia alitoa dukati 100 za dhahabu, na watoto walipewa nguo nzuri zilizoshonwa kwa ajili ya watoto wa malkia mwenyewe.

Kila siku mialiko ilikuja. Gari la farasi la tajiri mmoja linawachukua saa nane, la mwingine linawachukua jioni, na watoto wanarudi usiku. Nyuma ya siku nane tu za maisha hayo, tarehe 21, Wolfgang alisema anaumwa. Alikuwa na homa, na kwenye miguu kulitokea madoa mekundu, magumu, yenye kuuma. Alilala karibu majuma mawili. Alipopona, milango mingi ilikuwa imefungwa. Matajiri waliogopa kila ugonjwa unaotoa madoa kwenye ngozi, juu ya watoto wao wenyewe. Baba alihesabu franga zilizopotea, akaziandika katika barua.

Tusimhukumu haraka. Aliandika pia ginsi alivyoogopa. Lakini hapa tunaona vile maisha ya mtoto huyu yalivyofungwa: akiwa mzima, watu wa nyumba wanakula, akilala, mfuko unakauka.

3. SAFARI YA MIAKA MITATU NA NUSU

Tarehe 9 mwezi wa sita 1763 waliondoka tena, na hawakurudi mpaka mwisho wa mwezi wa 11 wa 1766. Wolfgang alikuwa na miaka 7, Nannerl karibu 12. Walisafiri kwa gari la farasi, katika barabara mbovu, baridi na mvua, wakilala kila mara katika nyumba ngeni. Walipita miji ya Ujerumani, wakafika Brussels, kiisha Paris, na kule Versailles walipokelewa na mfalme Louis wa 15. Katika 1764 muziki wa Wolfgang ulipigwa chapa kwa mara ya kwanza, katika Paris. Na katika mwezi wa pili wa mwaka ule alishikwa na ugonjwa wa koo, akapata homa kali.

Ni wakati huo katika Paris watu walimpa baba shauri ambalo tunaomba mlikumbuke. Walimwambia awachanje watoto juu ya ndui. Baba alikataa. Aliandika nyumbani kwamba anapenda kuacha jambo hilo katika mikono ya Mungu.

Kutoka Paris walivuka bahari mpaka London, katika mwezi wa ine 1764. Mfalme George wa 3 aliwapokea mara moja. Lakini katika majira ya joto baba mwenyewe aliugua vibaya. Walihamia nje kidogo ya muji ili apate hewa safi. Kwa kuwa alihitaji kimya, watoto walikatazwa kugusa kinanda. Wolfgang, mtoto wa miaka 8, alifanya nini? Alichukua karatasi na kalamu, akaanza kuandika sinfonia yake ya kwanza, muziki wa vyombo vingi pamoja. Nannerl alikaa karibu naye, akanakili.

London ilichoka nao. Wakati wa kwanza watu walilipa bei kubwa. Nyuma ya mwaka mmoja baba alitangaza katika magazeti kwamba kila siku, toka saa sita mpaka saa tisa, mtu yeyote anaweza kulipa franga kidogo na kuwasikiliza watoto katika nyumba ya pombe. Katika matangazo alipunguza pia umri wao mwaka mmoja, ili ajabu ionekane kubwa zaidi. Mtu mmoja mwenye elimu, Daines Barrington, hakuamini kwamba ni mtoto. Alimwekea mtihani, akaagiza barua ya kuzaliwa kwake toka Salzburg. Mtihani ulipita. Barrington aliandika kwamba huyu alipiga kama mtu mzima aliyefundishwa miaka mingi, lakini paka alipoingia chumbani, aliacha kinanda mara moja akaenda kucheza na paka, na ilikuwa shida kumrudisha.

Sisi tunapenda habari ya paka. Inatukumbusha ya kuwa ndani ya ile nguo ya dhahabu kulikuwa mtoto.

4. WAGONJWA WAWILI KATIKA LA HAYE

Kutoka Uingereza walikwenda Uholanzi, kwa kuwa binti mkubwa wa utawala wa kule alitaka sana kuona watoto hawa. Walifika La Haye katika mwezi wa tisa 1765. Katika siku zilezile Nannerl alianza kuumwa. Kwanza walifikiri ni mafua. Kiisha homa ilipanda, akaendelea kudhoofika juma kwa juma. Mwezi ujao munganga alikata tumaini. Tarehe 21 mwezi wa kumi msichana alipewa sakramenti ya wagonjwa, kama desturi ya Wakatoliki. Baba na mama walikaa karibu naye, wakaongea naye juu ya kufa vizuri na kuacha dunia hii. Alikuwa na miaka 14. Na katika chumba cha pili Wolfgang alikuwa anapiga muziki, maana hakujua afanye kitu gani kingine.

Munganga mwingine, mzee Schwenke, aliyetibu watu wa nyumba ya mtawala, aliitwa. Alibadili dawa, na polepole Nannerl alianza kurudi. Alikuwa bado hawezi kutembea vizuri, wakati Wolfgang naye aliposhikwa, tarehe 15 mwezi wa 11. Wanganga wa siku hizi wanafikiri ulikuwa ugonjwa wa tifoidi. Kwa siku 8 hakuweza kusema neno. Alikonda mpaka akabaki ngozi na mifupa. Walimtoa kitandani na kumweka kwenye kiti kwa kumbeba. Hata hivyo, alipopata nguvu kidogo, aliomba ubao uwekwe juu ya kitanda ili aandike. Katika mwezi wa 12 wa mwaka ule, katika muji uleule, alitunga sinfonia nyingine.

Tarehe 22 mwezi wa kwanza 1766 watoto wote wawili walikuwa tena mbele ya watu, kwenye vinanda. Miezi mitatu tu ilikuwa imepita tangu Nannerl aagane na dunia.

Walirudi Salzburg mwisho wa mwaka. Mbele ya kufika, katika Munich, Wolfgang alishikwa tena. Miguu na magoti yaliuma, hakuweza kusimama.

5. NDUI

Sasa tufike kwenye jambo lenyewe. Vijana wa leo hawajui ndui. Tuulize wazee wetu. Ilikuwa homa kali, kiisha vipele vilivyojaa usaha mwili mzima, usoni, mikononi, mpaka ndani ya kinywa. Katika aina yake kali, kwa watu 10 walioshikwa karibu 3 walikufa. Waliopona walibaki na makovu usoni, na wengine walipofuka macho. Haikuchagua maskini na mfalme.

Katika mwezi wa tisa 1767 jamaa ya Mozart walikwenda tena Vienna. Binti wa malkia, aliyeitwa Maria Josepha, alikuwa tayari kuolewa na mfalme wa Napoli, na baba alitumaini kwamba katika sikukuu hizo kutakuwa kazi nyingi ya muziki. Kumbe ndui ilikuwa imeingia muji. Katika nyumba walimopanga, watoto wa mwenye nyumba, fundi wa dhahabu, waliugua mmoja kwa mmoja. Baba alitafuta nyumba nyingine ya kukaa wote, hakupata. Basi alimchukua Wolfgang peke yake, akahamia naye kwa rafiki. Mama na Nannerl aliwaacha katika nyumba ile yenye ugonjwa.

Wasomaji, tulipofika hapa tulisimama. Wengine katika darasa letu walisema kwamba alifanya sawasawa, alimwokoa anayeweza kuokolewa. Wengine, zaidi wasichana, waliuliza: Nannerl hakuwa mtoto wake? Tunawaachia ninyi pia swali hilo.

Tarehe 15 mwezi wa kumi bibi arusi, binti wa malkia, alikufa na ndui. Alikuwa na miaka 16. Muji ulifunga muziki wote. Tarehe 23 baba alikusanya jamaa yake yote, wakakimbia kuelekea kaskazini, wakapita Brno, wakafika Olomouc tarehe 26. Walipata chumba kibaya katika nyumba ya wageni, chenye unyevu, na jiko lilijaza moshi mpaka macho yakawauma. Usiku ule Wolfgang aliamka na homa. Mashavu yalikuwa moto, mikono baridi kama barafu. Alianza kusema maneno yasiyo na maana. Baba alifahamu: ndui waliyoikimbia walikuwa wameibeba pamoja nao.

Hapa anaingia mtu ambaye sisi tunamheshimu kuliko wafalme wote wa habari hii. Katika Olomouc kulikuwa mkubwa mmoja wa kanisa kuu, Leopold Anton Podstatzky. Alijuana na Bwana Mozart toka Salzburg. Baba alimweleza kwamba mtoto ana ugonjwa, na pengine ni ndui. Kila mtu katika Vienna alifunga mlango aliposikia jina hilo. Podstatzky alisema hana woga, akaamuru vyumba viwili vitengenezwe katika nyumba yake, akamwita munganga Wolff. Wakamfunika mtoto kwa nguo na manyoya, wakamhamisha.

Vipele vilitoka. Uso ulivimba, na macho yakafungwa. Kwa siku 9 Wolfgang, mwenye miaka 11, hakuona kitu. Fikirini baba na mama wale, wenye makaburi matano nyuma yao, wanakaa karibu na kitanda na hawajui kama macho yatafunguka. Yalifunguka. Kwa siku nyingi walipaswa kuyalinda na mwanga. Kasisi mmoja wa nyumba ile, kijana aliyeitwa Hay, alikuja kila siku kumchezea karata za ujanja, na mtoto alizijifunza upesi sana. Kiisha Nannerl naye alishikwa na ndui, na yeye pia alipona. Waliondoka Olomouc mbele ya Noeli. Mwisho wa mwaka walikuwa Brno, wakipiga muziki.

Makovu ya ndui yalibaki usoni mwa Wolfgang mpaka kufa.

6. JE, BABA ALIKOSA?

Tunaomba tulijadili jambo hili kwa haki. Chanjo aliyoikataa katika Paris haikuwa chanjo ya leo. Walichukua usaha wa mgonjwa wa ndui ya kawaida, wakautia katika mkwaruzo wa mkono wa mtu mzima. Mara nyingi ugonjwa uliokuja ulikuwa mdogo, na mtu hakushikwa tena. Lakini wengine walikufa, na mtu aliyechanjwa aliweza kuambukiza jirani. Kwa hiyo baba mwenye woga alikuwa na sababu. Hata hivyo, ndui yenyewe iliua watu wengi zaidi sana kuliko chanjo ile.

Malkia Maria Theresa, aliyezika watoto watatu kwa ndui, naye mwenyewe aliponea chupuchupu, alichagua njia nyingine. Katika 1768 alimwita munganga Jan Ingenhousz, akaamuru watoto wake wachanjwe. Leopold Mozart hakukosa juu ya kuomba Mungu. Sisi tunafikiri alikosa pale alipodhani kwamba mtu lazima achague kati ya mikono ya Mungu na mikono ya munganga. Ni nani aliyempa munganga mikono?

Katika 1796, miaka mitano nyuma ya kifo cha Mozart, munganga Mwingereza Edward Jenner alijaribu njia salama zaidi, kwa kutumia ugonjwa mdogo wa ng'ombe. Toka hapo chanjo ilienea dunia yote. Katika inchi yetu ya Congo wagonjwa wa mwisho wa ndui walionekana 1971, na katika 1980 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Ile alama ya mviringo kwenye mkono wa wazee wetu wengi ni alama ya vita hiyo. Lakini ndugu yake mdogo, ndui ya nyani, ambayo mgonjwa wa kwanza alijulikana hapa kwetu katika 1970, angali anatusumbua. Basi swali la Bwana Leopold si la zamani. Linakuja kwenye mlango wetu kila mara wachanjaji wanapofika.

7. NANNERL ALIBAKI NYUMBANI

Wolfgang aliendelea. Toka 1769 alikwenda Italia na baba. Katika 1770 Papa alimpa nishani, na opera yake ilichezwa Milano akiwa hajatimiza miaka 15. Nannerl hakwenda. Alikuwa msichana mkubwa sasa, na desturi ya wakati ule haikumruhusu kuonekana mbele ya watu kwa kulipwa. Yule aliyepanda magari yaleyale, aliyeshiriki kinanda kilekile, homa ileile na ndui ileile, aliambiwa akae nyumbani afundishe wanafunzi wa kinanda. Alitunga muziki, maana ndugu yake aliusifu katika barua, lakini hakuna hata karatasi moja iliyobaki. Aliolewa 1784, alikufa 1829 akiwa na miaka 78. Miaka yake ya mwisho alikuwa kipofu.

Hatusemi Nannerl angekuwa Mozart wa pili. Tunasema tu kwamba hakuna aliyemwacha ajaribu.

8. MTU MZIMA NA KIFO CHAKE

Mtoto wa ajabu akikua, watu wanaacha kushangaa. Wolfgang alirudi kumtumikia askofu mkuu wa Salzburg, hakufurahi, na katika 1781 alitoka katika kazi hiyo, akakaa Vienna kama mtu wa kujitegemea. Alioa Constanze Weber katika 1782. Walizaa watoto 6. Walibaki wawili tu, kama katika nyumba ya baba yake. Ni katika miaka hiyo 10 alitunga kazi zake kubwa: Le nozze di Figaro katika 1786, Don Giovanni katika 1787 kule Prague, na Die Zauberflöte katika 1791. Alipata franga nyingi, zikatoka upesi, akakopa.

Katika mwaka wa 1791 mtu aliyeficha jina lake aliagiza kwake muziki wa misa ya wafu. Mozart hakuumaliza. Mwezi wa 11 mikono na miguu ilivimba, hata kugeuka kitandani hakuweza. Alikufa usiku, karibu saa saba, tarehe 5 mwezi wa 12. Alikuwa na miaka 35. Waliandika kwamba alikufa kwa homa yenye vipele, na wanganga wanaendelea kubishana mpaka leo ilikuwa ugonjwa gani. Habari kwamba alipewa sumu na mpiga muziki mwenzake Salieri haina ushuhuda. Alizikwa kama watu wa kawaida wa Vienna walivyozikwa kwa sheria ya wakati ule, bila jiwe, na mahali penyewe pa kaburi lake hapajulikani sawasawa. Katika 1862 Bwana Köchel alitoa orodha ya kazi zake: zilifika 626.

9. TUNACHOJIFUNZA

Wengi wakisoma maisha haya watasema tufanye bidii kama Mozart. Sawa, tufanye bidii. Lakini kazi zake kubwa zote zilipita katika chumba kimoja cha Olomouc, ambamo mtoto alilala siku 9 bila kuona. Kama Podstatzky angefunga mlango kama wengine, hatujui nini kingetokea. Podstatzky hakujua kutunga sinfonia. Alijua kufungua mlango, kuita munganga na kutoa kitanda.

Kwa hiyo neno letu kwa wanafunzi ni hili. Katika bweni, mwenzako akisema asubuhi kwamba kichwa kinamuuma na mwili una baridi, usianze kwa kumwita mvivu, hata kama ni siku ya kazi ya shamba au siku ya mtihani. Mguse kwenye paji la uso. Mwite mkubwa wa bweni, apelekwe kwa muuguzi. Mpelekee chakula. Na wachanjaji wakifika, toeni mkono, kiisha tuombe pamoja. Mungu anasikia hata watu waliochanjwa. Na ninyi wazazi mtakaosoma gazeti hili wakati wa mapumziko, mkiwa na franga ya karo ya mtoto mmoja tu, msiseme haraka kwamba ni ya kijana. Mkumbuke Nannerl.